Kujitolea Si Kutoa Tu: Somo juu ya Klabu za Huduma

Msomaji mpenzi, kabla hatujaingia katika somo letu, chukua kalamu ukaandike maneno mawili katika daftari lako: kutoa, na kujitolea. Maneno hayo ni ya ukoo mmoja, lakini tabia zao ni mbali. Mtu atoaye shilingi mia mfukoni mwake ametoa kitu kilicho nje ya nafsi yake, na akiisha kukitoa kazi yake imekwisha; aweza kwenda zake nyumbani akalala. Ajitoleaye, kitu akitoacho ni yeye mwenyewe, yaani saa zake, miguu yake, ujuzi wake na jina lake jema. Mtu wa namna hiyo hawezi kujiweka mahali asubuhi, na jioni akasahau alikojiweka.

Kazi yangu mimi niandikaye ni kufasiri. Mara nyingi huletewa hotuba za kufungulia visima, zahanati na vyumba vya shule, na ndani yake halikosi neno moja la Kiingereza ambalo kwa Kiswahili laweza kuwa utumishi, au huduma, au msaada, kwa kadiri ya mambo yalivyo. Kamusi hazinifai sana hapo. Kwa hiyo nimejiwekea kanuni yangu mwenyewe: nauliza kwanza kama watu hao watarudi. Ikiwa watarudi, naandika huduma. Ikiwa wamekuja kukata utepe na kupigwa picha, naandika msaada, wala sioni haya, maana msaada nao ni jambo zuri; ila si jambo lile lile.

Leo twataka kueleza klabu za huduma ni nini, zilianzaje, zafanyaje kazi, na ni jambo gani linaloziua.

Kusaidiana si jambo tulilofundishwa na wageni. Wakamba wana mwethya, Wakikuyu wana ngwatio, na watu wa pwani husema kazi ya ujima. Jirani zangu huja leo kunipalilia shamba, nami kesho huenda kuwapalilia la kwao. Akwepaye zamu yake hujulikana, na siku upepo utakapoezua paa la nyumba yake ataona upweke wake. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1963, wito wa Harambee ulisimama juu ya msingi huo huo, na shule nyingi ambazo watoto wetu wamesomea zilijengwa kwa mawe yaliyobebwa na wazazi wao.

Lakini tutazame vizuri. Desturi ya ujima ni desturi ya deni jema. Nimekupalilia, utanipalilia, tumezika wako, mtazika wangu. Klabu ya huduma yataka tuende hatua moja mbele, nayo ni hatua ngumu: tumfanyie kazi mtu asiyeweza kuturudishia, ambaye labda hata jina lake hatutalijua kamwe. Mtoto apewaye dawa ya matone leo hatakuja kukupalilia mahindi. Kwa sababu hiyo klabu haiwezi kutegemea haya ya kijiji peke yake, ambayo huwalazimisha watu waje. Inahitaji mikutano yenye siku maalumu, daftari la mahudhurio, mweka hazina mwaminifu, na kazi iliyochaguliwa kwa kura. Mambo haya huonekana makavu, na vijana wengi huyadharau, lakini ndiyo yashikayo mahali pa lile deni.

Sasa twende mbali kidogo, mpaka mji wa Chicago katika Marekani, maana klabu iliyo mashuhuri kati ya hizi ilianzia huko. Na kusema kweli haikuanza kwa wema wowote mkubwa. Jioni ya tarehe 23 Februari 1905 wakili mmoja, Bwana Paul Harris, alikutana na wenzake watatu: Gustavus Loehr, mhandisi wa migodi, Silvester Schiele, mwuza makaa, na Hiram Shorey, mshona nguo. Bwana Harris alikuwa amelelewa katika kijiji, na katika mji ule mkubwa aliona kwamba watu hupitana njiani bila kuamkiana. Alitaka marafiki. Wakaafikiana kukutana kwa zamu, leo katika ofisi ya huyu, wakati ujao katika ofisi ya yule, na kutokana na kuzunguka huko klabu yao ikaitwa Rotary. Walichagua mtu mmoja tu kutoka kila kazi, ili asiwepo mshindani ndani ya chumba, na biashara wakapeana wao kwa wao.

Mambo yakawa hivyo mwaka mzima na zaidi. Ndipo mwaka 1906 mwanachama mmoja alipomwendea wakili mwingine, Donald Carter, akamsihi ajiunge nao. Bwana Carter aliuliza klabu yafanya nini. Akaelezwa. Akakataa, kwa sababu aliona kwamba chama kisichomfaidia mtu yeyote ila wanachama wake hakina maisha marefu. Wangeweza kukasirika na kumwacha, na nadhani klabu nyingi zingefanya hivyo. Wao walimwambia aje alete fikira hiyo ndani. Akaingia. Yafaa tulikumbuke jina lake, maana mara nyingi mwanzilishi husifiwa, na yule aliyesema neno gumu husahauliwa.

Je, kazi yao ya kwanza ya utumishi kwa mji ilikuwa nini? Haikuwa sanamu, wala bustani yenye chemchemi ya kupendeza. Ilikuwa choo. Mwaka 1907 walianza kuidai serikali ya mji ijenge vyoo vya umma katikati ya Chicago, karibu na jumba la baraza la mji. Msomaji aweza kucheka, lakini afikiri: mkulima aliyeleta bidhaa mjini, au mama mwenye watoto wawili mkononi, angekwenda wapi? Wenye baa walipinga, wakisema wanaume wana vyoo vya kutosha katika baa zao. Wenye maduka makubwa nao walipinga, wakisema wanawake waweza kuingia madukani. Yaani ukihitaji choo, sharti uwe mnywaji au mnunuzi. Wanachama wale hawakuchimba shimo kwa mikono yao. Walifanya kazi iliyo ngumu zaidi, ya kwenda kwa wakubwa mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, wakiwaunganisha na vyama vingine vya mji, mpaka jambo likakubaliwa.

Mimi napenda sana habari hii ya choo. Ni haja ambayo kila mtu aliijua na hakuna aliyetaka kuitaja katika hotuba.

Kutoka huko klabu zilienea. Mwaka 1930 klabu ya Rotary ilianzishwa Nairobi. Nyingine zilikwisha kuzaliwa pia: Kiwanis mwaka 1915 katika mji wa Detroit, na Lions mwaka 1917, hiyo nayo kule kule Chicago, kwa juhudi za Bwana Melvin Jones, mtu wa kazi ya bima. Hao Lions walipata kazi yao kubwa kwa kuambiwa. Mwaka 1925 walifanya mkutano wao mkuu huko Cedar Point, katika jimbo la Ohio, na mbele yao akasimama Bibi Helen Keller, ambaye alipoteza kuona na kusikia akiwa na umri wa miezi 19. Aliwaomba wawe mashujaa wa vipofu. Waliitika, na tangu siku hiyo kazi ya macho imekuwa alama yao popote walipo. Hata Nairobi, katika mtaa wa Loresho, iko hospitali ya macho yenye jina lao. Angalia kwamba hawakukaa chumbani kubuni haja ya vipofu. Walimsikiliza mwenye haja.

Lakini hatuna budi kutaja na aibu yao. Kwa miaka mingi klabu za Rotary hazikuwapokea wanawake. Mwaka 1977 klabu ya mji mdogo uitwao Duarte, katika California, iliwapokea wanawake watatu, na mwaka uliofuata ikanyang'anywa hati yake. Wenyewe hawakukubali; wakaenda mahakamani, na tarehe 4 Mei 1987 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba klabu haziwezi kuwafungia wanawake mlango kwa ajili ya uke wao. Mwaka 1989 sheria ile ya wanaume peke yao ikafutwa dunia nzima. Hapa Kenya wanawake hawakukaa kungoja. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianza mwaka 1952, na vikundi vyake vilikuwa vikifundishana usafi, ulezi na ushonaji wakati mabwana wa klabu walikuwa bado wakila chakula cha mchana bila wake zao.

Sasa tufike katika kiini cha somo, yaani namna klabu ndogo ndogo zilivyoingia katika kazi kubwa kuliko zote zilizopata kufanywa na watu wa kujitolea. Kazi hiyo ni vita juu ya polio, ugonjwa wa kupooza.

Polio huletwa na virusi viingiavyo kwa kinywa, kwa maji au chakula kilichochafuliwa na choo. Huwashika zaidi watoto walio chini ya miaka mitano. Ubaya wake ni kwamba wengi waliopata virusi hawaonyeshi dalili yoyote, au huona homa kidogo tu. Katika watoto 200 walioambukizwa, kwa kadiri ni mmoja tu ambaye mguu au mkono wake hulegea na usipone tena. Miongoni mwa hao waliopooza, watano mpaka 10 katika kila 100 hufa, kwa kuwa misuli ya kupumua nayo hulegea. Basi fahamu, msomaji, kwamba ukimwona mtoto mmoja aliyepooza kijijini, virusi vimekwisha kupita katika nyumba nyingi ambazo hazina habari. Hakuna dawa ya kuuponya ugonjwa huu. Iko chanjo tu ya kuuzuia.

Mwaka 1979 wanachama wa Rotary walianza kusaidia utoaji wa chanjo hiyo katika visiwa vya Ufilipino, kwa mapatano ya miaka mitano na kwa ajili ya watoto milioni 6. Walipoona kazi yawezekana, mwaka 1985 waliazimia kuipeleka duniani kote. Walikusudia kuchanga dola milioni 120. Kufikia mwaka 1988 walikuwa wamechanga milioni 247. Mwaka huo huo wa 1988 mataifa yaliyokutana katika Shirika la Afya Duniani yakaazimia kuufuta ugonjwa huu kabisa. Wakati huo ulikuwa katika nchi 125, ukiwapooza watoto wapatao 350,000 kila mwaka.

Fedha hizo ni nyingi, na walizozitoa wasifiwe. Lakini fedha hazina miguu. Hebu tumtazame mtu mmoja wa kujitolea siku ya kampeni.

Anaamka alfajiri akaenda zahanati kuchukua sanduku la baridi lenye vipande vya barafu. Ndani yake zimo chupa ndogo za chanjo. Juu ya kila chupa imebandikwa alama: duara lenye mraba ndani yake. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, dawa ni nzima. Joto likiingia, mraba huanza kuwa mweusi, na ukifanana na duara au ukizidi, dawa imeharibika, itupwe. Alama hii si ya madaktari peke yao. Mtu yeyote ajuaye kutofautisha nyeusi na nyeupe aweza kuisoma, na mama yeyote ana haki ya kuomba aonyeshwe kabla mwanawe hajafumbua kinywa.

Kisha anatembea nyumba kwa nyumba pamoja na mwenzake. Anabisha hodi, anangoja kukaribishwa, anaamkia wakubwa kwanza. Anauliza watoto walio chini ya miaka mitano ni wangapi, na hapa sharti awe na akili, kwa kuwa mama atawahesabu waliopo mbele yake na kumsahau aliyelala ndani, na aliyekwenda kwa bibi, na mtoto wa mgeni aliyefika jana. Matone mawili kinywani. Wino katika kucha ya kidole cha mwisho, ili mtoto ajulikane kuwa amepata. Chaki juu ya mlango: tarehe, na hesabu ya watoto waliopata, na ya wale waliokosekana.

Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani. Nyumba ambayo mtoto alikosekana huandikwa, na mtu yule wa kujitolea hurudi jioni, au kesho. Akikuta amekosekana tena, hurudi tena. Kumpa matone mtoto aliye mlangoni ni kazi ya dakika moja, na mtu yeyote aweza kuifanya mbele ya mpiga picha. Kumrudia mtoto wa nyumba ya mwisho, kule juu mlimani, saa kumi na mbili jioni, hali hakuna atakayejua kama hukwenda, ndiko kunakofuta ugonjwa. Virusi havijali watoto 90 waliopata. Hukaa kwa wale 10.

Tena si kila mlango hufunguliwa. Mwaka 2003 viongozi wa jimbo la Kano, kaskazini mwa Nigeria, walisimamisha chanjo kwa kuwa uvumi ulienea kwamba yadhuru uzazi. Wako waliowacheka kuwa ni wajinga. Lakini kicheko hakikumchanja mtoto hata mmoja, na virusi vilitoka huko vikaingia katika nchi nyingine ambazo zilikwisha kutakata. Mwaka 2004 kazi ilianza tena baada ya mazungumzo mengi, na baada ya viongozi wale kukubali chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu wengi, ambayo waliiamini. Somo hapa ni kwa kila mwanachama wa klabu: mtu akikataa wema wako, pengine hajakataa wema, bali hakujui wewe. Kaa uulizwe maswali.

Kenya nayo imeonja uchungu huu. Tulikuwa tumekaa zaidi ya miaka 20 bila polio, hata mwaka 2006 ugonjwa ukaonekana katika kambi za wakimbizi za Dadaab. Ukaja Turkana mwaka 2009. Mwaka 2013, ulipolipuka katika Somalia, watu 14 walishikwa upande wetu wa mpaka. Kila mara watu wa kujitolea walirudi milangoni na masanduku yao, pamoja na watumishi wa afya, wazee wa mitaa, mashehe na wachungaji. Hatimaye tarehe 25 Agosti 2020 Afrika nzima ilitangazwa kuwa imetoka katika polio ya asili. Aina mbili katika tatu za virusi hivyo zimekwisha kutoweka duniani, na nchi mbili tu, Pakistani na Afghanistani, ndizo ambazo hazijapata kuukata mzizi wake.

Je, sasa tukunje mikeka? La. Mapema mwaka 2022 mtoto mmoja alipatikana na polio ya asili huko Malawi, virusi vikiwa vimesafiri kutoka Asia. Zaidi ya hayo, kuna polio ya namna nyingine, itokanayo na virusi dhaifu vya chanjo yenyewe ya matone, ambavyo hupita kutoka mtoto hata mtoto mahali ambapo wengi hawakuchanjwa, vikageuka na kupata nguvu. Namna hiyo ilionekana katika maji machafu ya Eastleigh, Nairobi, mwaka 2018, na katika kambi ya Kakuma mwaka 2024. Nasema jambo hili wazi kwa kuwa mama akilisikia sokoni limepotoshwa atafunga mlango, bali akielezwa kweli ataelewa kwamba dawa yake ni ile ile: kuchanjwa kwa watoto wote, si kwa wengi wao.

Nilisema hapo juu kwamba nimejiwekea kanuni katika kufasiri. Kanuni hiyo sikuipata katika vitabu; niliipata kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilichukuliwa kwenda kijiji kimoja cha bara kufasiri hotuba. Klabu moja, ambayo sitaitaja, ilikuwa imechimba kisima na kuweka pampu ya mkono. Watu walicheza ngoma, mbuzi wakachinjwa, na kibao cha shaba kikafunuliwa chenye majina ya wafadhili. Nikasimama mbele ya wanawake wale nikasema kwa sauti kubwa kwamba klabu imewaletea huduma.

Mwaka uliofuata nilipita huko kwa safari nyingine. Wanawake walikuwa wakiteka mtoni, mwendo wa saa nzima, kama zamani. Pampu ilikuwa imesimama. Kilichoharibika kilikuwa kipande cha mpira ndani ya bomba, si kikubwa kuliko kikombe cha kahawa, na bei yake haikuzidi bei ya kuku. Lakini hakuna aliyejua kipande kile chauzwa wapi, wala ni nani mwenye kukinunua, wala ufunguo wa kufungulia bomba uko kwa nani. Walituma barua kwa klabu. Wanachama wa klabu walikuwa wakichanga kwa ajili ya kisima kingine, katika kijiji kingine. Kibao cha shaba kilikuwa kikimetameta. Watoto walikuwa wakijitazamia ndani yake kama kioo. Bibi mmoja mzee alinitambua, akaniamkia kwa heshima, akaniuliza, "Mwanangu, ile huduma uliyotuambia, ni lini itakuja?"

Sikuwa na jibu la kumpa.

Pampu ile ilipona baadaye, si kwa hisani ya klabu bali kwa akili ya kikundi cha akina mama wa hapo hapo. Kila nyumba ilitoa kiasi kidogo cha shilingi kila mwezi, mweka hazina akaandika katika daftari na kusoma hesabu mbele ya watu wote, na wawili kati yao, mmoja wao akiwa msichana aliyetoka shule juzi, walikwenda kukaa na fundi wa maji siku chache wakajifunza kuifungua pampu na kuifunga. Vipande viwili vya mpira vya akiba viliwekwa katika kopo, kopo likawekwa nyumbani kwa mwenyekiti. Gharama ya mambo haya yote haikufika bei ya kibao cha shaba. Nimefikiri mara nyingi kwamba kama klabu ile ingalitumia siku tatu zaidi kijijini kabla ya ngoma, ingaliitwa kwa jina zuri mpaka leo.

Hivyo ndivyo klabu zifavyo. Watu hudhani hufa kwa kukosa fedha, au kwa ugomvi wa vyeo, na ugomvi upo, sikatai. Nimeona chama cha watu 12 chenye makamu wa mwenyekiti watatu. Lakini zaidi hufa kwa kupenda mwanzo. Mwanzo una ngoma na picha. Katikati hamna kitu ila kazi.

Ikiwa wewe na wenzako mwataka kuanza klabu mahali penu, mwaweza kuomba kuunganishwa na moja ya hizi kubwa, ambazo zina kanuni zao zilizokwisha kujaribiwa. Hata vijana wa shule wana klabu zao ziitwazo Interact, zilizoanza mwaka 1962, na wale waliomaliza shule wana Rotaract, tangu mwaka 1968. Au mwaweza kuanza peke yenu, watu saba au wanane waaminianao, chini ya mwembe. Jina si kitu. Mchango wa kila mwanachama uwe mdogo kiasi ambacho fundi wa baiskeli aweza kuutoa bila kuwanyima watoto wake, la sivyo klabu itakuwa ya wenye nafasi peke yao, nao hawajui bomba lipi limeziba. Mweka hazina asiwe ndugu wa mwenyekiti. Kila shilingi iingiayo iwe na stakabadhi, na hesabu zisomwe kwa sauti, hata kama ni shilingi 40.

Tena katika mkutano wenu wa kwanza msianze na uchaguzi wa viongozi. Ondokeni wawili wawili, mkatembee katika mtaa wenu kutoka mwanzo wake hata mwisho wake, na daftari mkononi. Mwulizeni mama lishe amwaga wapi maji machafu. Mwulizeni mwalimu ni mtoto gani aliyeacha kuja, na kwa nini. Mwulizeni mzee asiyeona vizuri ni nani amsomeaye barua zake. Sikilizeni kuliko mnavyosema, wala msimwahidi mtu lolote siku hiyo. Mkirudi chini ya mwembe, someni yote mliyoandika, mkachague jambo moja tu, lililo dogo, ambalo mwaweza kulimaliza kabla ya mvua za masika. Mkisha kulichagua, liandikeni katika ukurasa wa kwanza wa daftari la klabu, pamoja na majina ya watakaolifanya na siku watakayoanza. Na kando yake, kwa wino ule ule, siku ya kurudi kutazama.